Naomba ushauri: kibanja cha baba aliyeacha mabinti watupu

Mleta mada: Ndugu zangu, baba yetu alifariki mwaka jana wilayani Muleba, akaacha mjane na mabinti wanne. Kibanja chake cha migomba na kahawa alikirithi kwa babu, aliyezikwa humo humo. Baada ya matanga, baba mdogo alisema kwamba, kwa kuwa watoto wetu wanafuata ukoo na muziro (mwiko wa ukoo) wa waume zetu, ardhi ikitufikia itakuwa imetoka nje. Na kikao cha ukoo kikamtaja mwanawe kuwa musika, yaani mrithi mkuu. Mama anaruhusiwa kula ndizi, lakini haruhusiwi kuuza hata mkungu mmoja. Sipendi kugombana na watu walionilea, ila siwezi kukubali mama aishi kama mgeni nyumbani kwake. Nianzie wapi?

Karani mstaafu: Pole sana, binti. Neno la baba yako mdogo lina asili, kwani kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 ziliwaweka mabinti daraja la tatu la warithi na kuwaachia ardhi ya ukoo waitumie tu, wasiiuze. Lakini mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, lililoanzia huko huko Muleba baada ya mwanamke kuuza shamba alilorithi kwa baba yake, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba ubaguzi huo unakwenda kinyume cha Katiba. Fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo, na mmoja wenu aombe usimamizi. Msimamizi si mrithi: anakusanya mali, analipa madeni na kugawa.

Mzee wa Ihangiro: Mwanamke wa Kihaya habadili ukoo kwa kuolewa, anabaki wa baba yake mpaka kaburini. Hoja ya kutoka nje, basi, inawahusu watoto wenu, haiwahusu ninyi. Kinachowatia wazee hofu hasa ni kibanja kuuzwa kwa mtu baki pamoja na makaburi. Rudini kikaoni, muandikishane kwamba atakayetaka kuuza atawauliza kwanza wenye ukoo, na kwamba makaburi hayataguswa. Mimi ningeanza hapo kabla ya mahakama.

Mchangiaji: Mzee wangu, kwa heshima, kikao kisitangulie. Sisi tulisubiri miaka miwili, tukakuta msimamizi amekwisha kuthibitishwa.

Mleta mada: Nashukuru. Wiki hii nitaulizia mahakamani kama usimamizi umeombwa, kisha nitampigia baba mdogo mwenyewe, maana sitaki alisikie jambo hili kwa mtu mwingine.