Mzee wa miaka 78 na gari la spoti: sheria iingilie au tumwache na gari lake?

MLETA MADA

Wakuu, hoja hii kila ikiletwa huishia kwenye kejeli za "mzee anatafuta ujana". Leo naomba tuijadili kwa hoja.

Mtu ana miaka 78, mvi kichwa kizima, miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa mbali. Gari lake ni la milango miwili, liko chini kama limelala, nguvu za farasi 400 na kitu. Kupanda ni shughuli: anageuka, anatanguliza makalio, anashika fremu ya mlango, ndipo anaingiza miguu mmoja mmoja. Akishakaa na kuwasha injini, mtaa mzima unajua. Kuna wanaosema sheria imzuie, kwamba ukivuka umri fulani ubaki na kigari cha wastani cha kwendea dukani. Mimi napinga.

Tuanze na kwa nini analo. Magari haya ni ghali kuyanunua na ghali kuyatunza. Kijana analitamani lakini hana hela. Mwenye miaka 40 labda hela anazo, ila ana watoto watatu na gari halina kiti cha nyuma cha maana. Anayebaki ni yule ambaye watoto wameshahama, madeni yameisha, na hilo gari alikuwa na picha yake ukutani toka yuko shule. Corvette, gari la spoti la Marekani, inajulikana miaka mingi kwa wanunuzi wenye umri wa miaka 50 na 60. Hakuna maajabu hapo, ni hesabu ya mfuko.

Sasa njooni kwenye hofu yenyewe. Chukueni ajali za madereva wazee zilizotikisa dunia. Santa Monica, Marekani, Julai 2003: dereva wa miaka 86 aliingia na gari katikati ya soko la wazi, watu 10 wakafa. Gari lilikuwa Buick LeSabre, gari la kawaida kabisa la familia. Ikebukuro, Tokyo, Aprili 2019: dereva wa miaka 87 alimuua mama na binti yake wa miaka mitatu, na mahakama ikakubali kwamba alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Gari lilikuwa Toyota Prius, la kawaida la familia. Mwaka huohuo, Januari, Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, akiwa na miaka 97 aligongana na gari jingine alipokuwa akiingia barabara kuu karibu na Sandringham, Uingereza, jua likiwa limemwelekea machoni. Alikuwa na Land Rover. Mwezi uliofuata akarudisha leseni.

Hakuna gari la spoti hata moja hapo. Kwa kawaida mzee hagongi kwa sababu ya kukimbia. Anagonga kwenye makutano, anapokata kona mbele ya gari linalokuja, au anapoingia barabara yenye magari mengi akakosea kukadiria nafasi. Anayeacha barabara saa nane usiku kwa kasi ya ajabu kwa kawaida ni kijana, na leseni yake bado inanukia wino. Mbona huyo hatumnyang'anyi?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mleta mada, umechagua mifano inayokubeba. Wazee wengi wanaendesha magari ya kawaida, kwa hiyo ajali zao nyingi lazima ziwe za magari ya kawaida. Hujathibitisha kitu.

Swali ni hili: mguu ukikosea pedeli, unataka ukosee ndani ya gari gani? Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo inaongezeka mara nne. Hiyo ni fizikia ya sekondari, haina chuki na mtu. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kila sekunde gari linameza karibu mita 28. Mzee akichelewa sekunde moja tu kuona, ameshapita nyumba mbili. Na kuona kwenyewe? Jicho la mtu wa miaka 60 linapitisha takriban theluthi moja ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Usiku akimulikwa na taa za gari linalokuja, macho yake yanachelewa kurudi sawa. Haya yanampata kila mtu, hata aliyekuwa dereva hodari. Sasa juu ya hayo unampa gari linalofika 100 kwa sekunde nne?

Kuhusu vijana, wanazuiwa. Italia inaweka kikomo cha nguvu za gari kwa wenye leseni mpya. New South Wales na Victoria kule Australia nazo zinawakataza madereva wa leseni ya muda magari yenye nguvu kubwa. Hakuna aliyelalamika kwamba ni ubaguzi wa umri.

MCHANGIAJI WA PILI

Paul Newman, mwigizaji wa filamu wa Marekani, alikuwa na miaka 70 timu yake ilipotwaa ushindi wa daraja lao kwenye mbio za magari za saa 24 za Daytona, 1995. Hershel McGriff aliingia kwenye NASCAR, mbio za magari za Marekani, akiwa na miaka 90, mwaka 2018. Umri ni namba tu. Waacheni wazee wale raha.

MLETA MADA

Mchangiaji wa pili, asante kwa kuniunga mkono, lakini hoja hiyo hainisaidii. Hao ni watu wa kwenye uwanja wa mbio: hakuna anayevuka na mtoto mgongoni, hakuna baiskeli, wote wanaelekea upande mmoja. Mfano wa maana ni Stirling Moss, dereva mashuhuri wa mbio za magari wa Uingereza. Mwaka 2011, akiwa na miaka 81, alikuwa Le Mans, Ufaransa, kwenye mbio za magari ya kale na Porsche yake. Wakati wa mazoezi ya kupanga nafasi akajitisha mwenyewe, akatoka, akatangaza kwamba ameacha mbio siku hiyohiyo. Mtu aliyeishi ndani ya usukani alijua dakika ya kushuka. Wengi wetu hatutaijua, na hapo ndipo penye tatizo.

Mchangiaji wa kwanza, fizikia yako sina ubishi nayo. Shida ni mstari unaotaka kuuchora. Gari la spoti ni lipi siku hizi? Ferrari F40 ya 1987 ilikuwa jini la barabarani, na ilihitaji kama sekunde nne kufika kilomita 100. Leo kuna magari ya umeme ya milango minne, yenye kiti cha mtoto nyuma na buti la kubebea magunia, yanayofika huko kwa muda huohuo au pungufu. Hayapigi kelele, hayatetemeki. Mzee anayanunua kwa sababu ni rahisi kupanda na hayana gia, wala hajui amenunua kombora. Sheria yako ya "gari la spoti" itamkamata mwenye milango miwili, na huyu itampigia saluti.

Kama unaogopa nguvu ya gari, basi idhibiti nguvu ya gari, kwa kila mtu. Jimbo la South Australia limefanya hivyo. Binti wa miaka 15 aliuawa na Lamborghini mjini Adelaide mwaka 2019, na dereva hakuwa mzee. Tangu mwisho wa 2024, anayetaka kuendesha magari yenye nguvu ya kupindukia anapitia mafunzo na kupata daraja la ziada kwenye leseni. Wala hawakuuliza mtu ana mvi ngapi.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi ni fundi, magari ya namna hii yanapita mikononi mwangu. Wote mnaongelea umri wa dereva, hakuna anayeongelea umri wa tairi.

Gari la spoti la mzee likija gereji, kilomita ni chache, rangi inang'aa, ndani kunanukia ngozi. Ukiangalia tairi, kashata zote zipo, mwenyewe anakwambia "bado mpya hizi". Soma ubavuni kwenye herufi DOT, tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Unakuta 2313. Hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya 2013. Mpira umeshakauka, ukiubonyeza kwa kucha hauingii. Sasa weka nguvu za farasi 400 kwenye magurudumu ya nyuma, mvua ikianza tu, hata kijana wa miaka 30 linamzungusha. Breki nazo, diski zina kutu kwa kusimama muda mrefu. Gari linalotoka mara mbili kwa mwezi linaoza kimyakimya na mwenye gari anaamini analitunza.

Jambo la pili ni rimu. Nikiona rimu za upande wa abiria zimekwaruzwa, mbele na nyuma, mikwaruzo ya zamani na mipya juu yake, najua mwenye gari haoni tena ukingo wa barabara uko wapi. Zile za upande wake ni safi kabisa. Hicho ndicho cheti cha daktari ninachokiamini. Mwenyewe akiulizwa atakwambia ni waosha magari.

Ila nimpinge pia anayesema gari la spoti lina hatari zaidi kwa kukosea pedeli. Mengi ya yale ya zamani ni ya gia za mkono. Mguu wa kushoto una kazi, na ukitaharuki ukakanyaga klachi, injini inaunguruma bure, gari haliendi kokote. Balaa la kukosea pedeli linapenda otomatiki. Mwenye gari la spoti lenye klachi, akianza kushindwa, goti ndilo linalomwambia kwanza.

MCHANGIAJI WA NNE

Fundi, umenigusa kwenye rimu. Mzee wangu alikuwa na gari la namna hiyo hadi miaka 81. Sisi watoto tuliona mikwaruzo tukanyamaza, kwa sababu nani atamwambia? Kaka mkubwa alisema nimwambie mimi kwa kuwa ni binti, ataniskiliza. Mama akasema tusimvunje moyo. Tulizungushana hivyo mwaka mzima.

Siku niliyokaa naye kiti cha mbele ndipo nilipoelewa. Hakukimbia hata kidogo. Tulikwenda polepole hadi magari ya nyuma yakaanza honi. Kwenye makutano alisimama, akaangalia kushoto, akaangalia kulia kwa macho tu, shingo haikugeuka, akaingia. Pikipiki ikapita kwenye bampa kwa kiganja. Hakuiona kabisa. Nilipiga kelele, akaniuliza nina nini.

Gari lake lingekuwa la nguvu za farasi 60 ingekuwa vilevile. Kwa hiyo kwenye hilo namuunga mkono mleta mada. Lakini, mleta mada, usituachie sisi watoto kazi ya kupima. Tunapendelea, tunaogopa, na wengine tunalitaka hilo gari. Mwisho daktari wa macho ndiye aliyemwambia, na kwa daktari hakubisha.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Dada, pole. Na hapo ndipo ninapomuuliza mleta mada: apime nani, na vipi? Uingereza, ukifika 70 unahuisha leseni kila miaka mitatu kwa kujaza mwenyewe kwamba uko sawa. Mzee wa dada hapo juu angejaza "niko sawa" na kusaini kwa mkono usiotetemeka. Japani wana kipimo cha akili (kumbukumbu na uelewa) kwa wenye miaka 75 na zaidi wanapohuisha leseni, na tangu Mei 2022 mwenye rekodi ya makosa fulani lazima arudi barabarani na mkaguzi. Hiyo ndiyo njia. Na nyongeza yangu: mwenye gari kubwa apimwe zaidi.

MLETA MADA

Japani nawaheshimu kwa hilo la 2022, kwa sababu linamwangalia mtu na makosa yake. Kipimo cha akili pekee kwa kila aliyetimiza miaka fulani nina mashaka nacho. Denmark walikianzisha 2006 kwa wenye miaka 70 na zaidi. Watafiti walipolinganisha kabla na baada, vifo vya wazee ndani ya magari havikupungua, ila vya wazee waendao kwa miguu na baiskeli vilipanda. Waliogopa mtihani, wakaacha gari, wakaingia barabarani bila bodi la kuwakinga. Mwili wa mtu wa miaka 80 hauhimili pigo ambalo kijana anainuka nalo. Hili nalo wanaotaka kunyang'anya funguo hawaliweki kwenye mizani.

Kwa hiyo ninachotaka ni hiki. Macho yapimwe kweli, na daktari, pamoja na uwezo wa kuona kwenye mwanga hafifu, si kusoma bango saa sita mchana. Halafu nusu saa barabarani na mkaguzi, ndani ya gari la mtu mwenyewe. Ukija na milango miwili na injini ya kuunguruma, pimwa nayo. Mkaguzi aangalie shingo kama inageuka, aangalie makutano, na fundi ameshatufundisha: kabla ya kupanda azunguke upande wa abiria aone rimu, asome na tairi. Akipita, aende na nguvu zake za farasi 450 akalale nazo. Akishindwa, ameshindwa pia kwa gari dogo, na hapo simtetei.

Mchangiaji wa kwanza, "mwenye gari kubwa apimwe zaidi" nakubali kwa sharti moja: kijana wa miaka 28 mwenye gari hilohilo akae kwenye foleni hiyohiyo. Unakubali au tunaendelea?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Foleni moja nakubali. Ila mzee aje kila miaka miwili, kijana kila miaka kumi. Hapo siteremki.

MCHANGIAJI WA TATU

Na gharama za tairi mpya nani analipa? Maana kwenye ukaguzi huo, nusu ya wateja wangu wanaanguka kabla hawajawasha gari.