Shemeji kakutwa na TB, tunaishi chumba na sebule. Tutenge vyombo?

mama_nasri: Wadau habari za jioni. Mdogo wake mume wangu alikuja kutoka Tabora kutafuta kazi, akawa anakohoa, tukasema ni vumbi la saruji. Kapimwa makohozi, TB, dawa kaanza jana. Tumepanga Mbagala, yeye analala sebuleni na Nasri wa miaka mitatu, maana mtoto habanduki kwa baba yake mdogo. Mama mkwe kapiga simu: mtengeeni sahani, kikombe na beseni. Nimeshaanza, ila nikimpakulia kwenye sahani yake ya bati anainama tu, hata kula hali vizuri. Halafu Nasri ana kovu la chanjo begani, hiyo haitoshi?

kijana_wa_temeke: Tenga kila kitu dada, hadi taulo. TB sio mchezo.

bibi_makohozi: Wewe kijana usimtie mwenzio hofu. Mimi nafuatilia wagonjwa wa TB mtaani kwetu, jina hilo nimepewa na watoto kwa sababu ya vile vikopo ninavyobeba.

Mama Nasri, sahani ya bati rudisha kabatini, ale na wenzake. TB haipiti kwenye kijiko wala kwa kupeana mkono. Inapita hewani: akikohoa, akipiga chafya, hata akiimba, vimelea vinaelea chumbani kwa saa kadhaa nanyi mnavuta. Sasa nyumba ngapi nimeingia, vyombo vimetengwa vizuri, dirisha limefungwa na pazia zito juu! Fungua, usiku na mchana. Nondo zipo, mbu weka chandarua. Mchana akae nje kivulini, akikohoa afunike mdomo kwa kitambaa. Nasri alale kwenu kwa sasa.

Dawa zikimkubali, baada ya wiki mbili hivi kuambukiza kunapungua sana, ila dozi ni miezi sita. Hapo ndipo wanaume wanapotuchosha. Mwezi wa pili kikohozi kimekata, ugali anamaliza, anajiona mzima, anaacha. Ikirudi TB sugu ni shughuli nyingine kabisa. Na mwambie mapema kwamba mkojo utakuwa rangi ya machungwa, ni dawa tu hiyo. Kuna mmoja alinikimbia akidhani anakojoa damu.

Chanjo ya BCG inamkinga mtoto na TB kali, kama ile ya ubongo, lakini haizuii zote. Mpeleke kliniki hiyohiyo ya shemeji. Aliye chini ya miaka mitano na anaishi na mgonjwa anachunguzwa, akikutwa hana TB anapewa dawa za kinga. Nanyi wakubwa mkapimwe. Dawa ni bure, msikubali kuuziwa.

mama_nasri: Asante bibi. Shida dirisha la sebuleni linatazamana na choo cha jirani, harufu yake Mungu anajua.

bibi_makohozi: Afadhali harufu, mwanangu. Fungua. Na usisahau kadi ya Nasri, watampima uzito, dozi ya mtoto inapangwa kwa kilo.