Mafundi wa viti vya magari Tanga: kama dari ya gari la zamani hamuijui, semeni hamjui!

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira, na nataka jambo hili lisomwe na kila mwenye gari la zamani hapa Tanga kabla hajalikabidhi kwa fundi.

Mjomba wangu ana Volkswagen Beetle ya mwaka 1972. Injini inaitika, breki zinashika, na mzee anaiendesha mwenyewe kila Ijumaa kwenda msikitini. Kilichochoka ni dari. Ile leza nyeupe (ngozi bandia ya plastiki) yenye vitundu vidogo vidogo ilikuwa imekauka, ikachanika upande wa dereva na kuanza kuning'inia. Tukaipeleka kwa fundi wa viti huko Ngamiani, mtu anayesifiwa, ofisi yake haikosi Toyota Noah na IST. Jina lake siliweki hapa, maana wenye tabia hii ni wengi.

Akafungua mlango, akapapasa juu, akasema, "Shikamoo mzee. Hii kazi ndogo sana, ondoa shaka."

Mjomba akamjibu mbele yangu, "Marahaba mwanangu. Humo ndani mna vyuma vimelishika dari zima. Usivipoteze. Na hiyo leza kuukuu usiitupe, utaikatia mpya kwa kipimo chake."

"Nimekuelewa mzee wangu." Bei 350,000, tukaacha advansi, tukaondoka.

Sasa sikieni tulichorudishiwa. Sponji imegandishwa moja kwa moja kwenye bati la paa kwa gundi ya viatu, juu yake kitambaa cha kijivu chenye mikunjo kila kona. Taa ya ndani imefunikwa na kitambaa, waya wake hata sijui umeishia wapi. Nikauliza vyuma viko wapi. Akanijibu bila hata kuinua uso, "Vile vilikuwa vinazuia sponji kukaa, bosi. Vijana wameshawapa wa vyuma chakavu." Leza ya zamani je? Imeshachomwa na takataka.

Yaani mzee kakwambia kwa mdomo wake usivitupe, ukaitikia, halafu ukavipima kilo!

Kwa wasiojua nieleze, maana hapa ndipo uharibifu wenyewe ulipo. Magari mengi ya siku hizi dari lake ni ubao uliofinyangwa, umefunikwa kitambaa chenye sponji nyembamba kwa nyuma. Kitambaa kikilegea unatoa ubao, unakwangua, unagandisha kitambaa kipya, unarudisha. Beetle haiko hivyo. Dari lake haligusi bati kabisa, linaning'inia kama chandarua. Kwa upande wa juu leza imeshonewa mapindo marefu, na ndani ya kila pindo unapita ufito wa chuma uliopinda kufuata mgongo wa paa. Ncha za ufito zinakaa kwenye matundu yake kushoto na kulia. Gundi inapakwa kingoni tu. Na kwa kuwa paa la Beetle limepinda tofauti mbele, katikati na nyuma, hakuna fito mbili unazoweza kubadilishana hivi hivi. Fundi anayeijua kazi anazitoa moja moja na kuziwekea alama, ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho.

Halafu vioo. Kingo za leza zinakunjwa na kuingia chini ya raba ya kioo cha mbele, cha nyuma na vile vya pembeni nyuma. Bila kutoa vioo, hakuna dari. Na kurudisha kioo si mabavu, unapitisha kamba kwenye mdomo wa raba kuizunguka yote, mmoja anasukuma kioo kwa nje, mwingine anaivuta kamba kwa ndani taratibu na raba inajikalia yenyewe juu ya bati. Ni kazi ya watu wawili na subira. Huyu wetu hakutoa kioo hata kimoja. Kapitisha wembe kandokando ya raba, kakata leza, na raba yenyewe kaichana. Mvua ya kwanza tu maji yakaingia mbele na nyuma.

Maji hayo yanakwenda wapi? Kwenye sponji. Hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Tunaishi na upepo wa bahari, chumvi inakula hata bodi iliyopakwa rangi jana. Leo umechukua kitu kinachonywa maji ukakigandisha moja kwa moja kwenye bati, unyevu hauna pa kutokea. Paa litaanza kuoza kutokea ndani, na hutaona mpaka rangi ya nje ivimbe. Na gundi yenyewe haitadumu. Gari likikaa juani saa saba mchana bati la paa halishikiki kwa mkono, gundi ya kawaida inalainika na kuachia. Sponji nayo ikipigwa na joto na unyevu inageuka unga. Tayari mzee anashuka msikitini na vumbi la sponji kwenye kofia yake ya Ijumaa. Mtu wa umri ule, jamani.

Najua watakuja wa "uza hilo, nunua IST". Sikuja kuomba ushauri huo. Gari hili limemsomesha mama yangu na wadogo zake, na mwenyewe bado analitaka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba leza unaweza kununua, raba unaweza kuagiza. Wapo nje wanaoshona dari jipya la Beetle kwa vipimo vya kiwandani, lakini linauzwa leza tupu, fito unatarajiwa kutumia zako. Beetle ya mwisho ya aina hii ya zamani ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003. Fito tutazitoa wapi ila kwenye gari bovu la mwenzetu?

Fundi, kusema "hii sijawahi kufanya" hakukupunguzii heshima. Tungekushukuru tukaenda kwingine. Hata ungetuita tukae pamoja tuangalie, mjomba anaikumbuka gari yake nati kwa nati.

Tumemwambia arudishe hela na alipie raba. Anasema kazi imeisha na hela imekula vifaa. Tunampeleka serikali ya mtaa wiki hii, picha zote ninazo.

Sponji nimeanza kuibandua leo, nataka bati likwanguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya mvua nyingine. Mwenye Beetle iliyolala uani, iwe Muheza, Pangani, Korogwe, Moshi, popote, kama vyuma vya dari vimo na yuko tayari kuuza, aandike hapa. Nitamfuata mwenyewe. Na anayemjua fundi aliyewahi kutoa vioo vya Beetle na kuvirudisha bila kuvuja, amtaje.