Nguo za kabatini: uuze mtandaoni, ubadilishe kwa vyombo au ugawe?

MamaTabata
Wakuu, habari za jioni. Nahamia nyumba ndogo na nimebaki na viroba vya nguo nisizovaa. Naona njia tatu, nisaidieni kupima.

Kuuza mwenyewe kwa kuweka picha status ndiko kunakoleta hela, lakini kuna kazi: ufue, upige pasi, upige picha mchana kukiwa na mwanga, upime kifua na kiuno, halafu ukeshe unajibu "bei ya mwisho?" Gauni la 15,000, mteja yuko Mbezi, na anataka bodaboda nilipe mimi.

Wale kinamama wanaopita na mabeseni kichwani wakibadilisha nguo kwa vyombo hawana usumbufu, mambo yanaisha hapo hapo barazani. Ila wanachagua! Jinzi na viatu vya kiume wanavidaka, blauzi zangu wanazirusha pembeni bila hata kuzikunjua.

Ya tatu ni kugawa. Kijijini, kituo cha watoto, majirani.

Na sare za harusi je? Kila sendofu na kila kicheni pati ina kitenge chake. Umevaa mara moja, mtaa mzima unajua hiyo ilikuwa sare ya nani.

Mmachinga_Karume
Dada, mimi ni mtu wa mitumba. Wengi wetu tunanunua robota la kilo 45, tunafungua na kupanga madaraja. Nguo za mkononi mwa mtu tunaziogopa kidogo. Ukinunua kiroba cha usiyemjua, kesho anapita mwenye nguo zilizoibwa kwenye kamba, anazikuta umezitundika. Kwa hiyo nenda kwa muuzaji anayekufahamu.

Za kiume zina soko kwa sababu ni chache. Mwanaume shati analivaa mpaka kola inachanika, hata huko zinakotoka wako hivyo hivyo. Kabla hujapanga bei, kagua zipu, kwapa na jinzi inapokwaruzana mapajani. Mnunuzi anaanzia hapo. Suti za kike za ofisini zenye mabega makubwa, samahani, hizo kaa nazo.

Wa_Umoja
Huku Nairobi hao wa vyombo tunawaita mali mali. Siri ni moja: usimtolee kiroba chote. Akikiona, beseni moja linameza kila kitu. Toa nguo moja moja, anza na zile dhaifu, jinzi ifiche ndani ndiyo ije kufunga bei. Na upite dukani kwanza ujue hilo beseni linauzwa ngapi, maana kuna watu wametoa viatu vizuri vya ngozi wakapata kichujio cha chai.

Bin_Unguja
Assalaam alaykum. Kwenye kugawa naona watu wanachanganya sadaka na kutupa. Sura ya Al-Imran aya ya 92 inasema hatutaufikia wema mpaka tutoe katika tunavyovipenda. Nguo iliyotoboka kwapani hiyo si sadaka, umemhamishia mwenzio taka zako.

Vituo vya watoto, piga simu kwanza. Watoto wanahitaji sweta za shule, viatu, nguo za ndani mpya. Wewe unawapelekea blauzi za ofisini, nani azivae?

Kanga zako, mamangu, usiuze hata moja. Kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika ndiyo ya kumfungia mtoto mchanga. Ulizia nyumba yenye mzazi, utashukuriwa kuliko ungepeleka mpya.

MjukuuWaIringa
Kijijini nako msikimbilie. Kiroba kinalipiwa kwenye basi, kisha kuna bodaboda ya kutoka stendi. Shangazi yangu alipokea viatu vya visigino virefu na kule ni milima mitupu. Yeye alikuwa anaomba koti zito na buti za shambani, ila hakuna aliyemuuliza. Ulizeni.

Spana17
Gereji tunataka fulana za pamba. Poliesta msilete, hainyonyi oili vizuri kama pamba, inaisambaza tu kwenye injini. Vifungo na zipu kateni kabisa, vinakwaruza rangi za magari ya watu.

CherehaniMoja
Sare ndiyo fani yangu. Inategemea mshono. Gauni la kubana la "samaki" limekatwa vipande vingi, hapo utapata foronya ukibahatika. Sketi ya malinda au dera ina kitambaa cha kutosha: gauni la mtoto, aproni, hata foronya mbili. Fumua, usikate, ule upana uliokunjwa ndani ya mshono unasaidia sana.

Kama hutaki kushona, ihamishe mkoa. Sare iliyovaliwa Dar ikifika Mbeya ni kitenge tu, wifi yako ataenda nacho kanisani na hakuna atakayecheka.

MamaTabata
Nawashukuru. Kuuza nitauza magauni yenye hadhi tu, na mteja atakuja kuchukua mwenyewe au alipie bodaboda, sijadili tena. Jinzi na viatu vya baba watoto vinasubiri mabeseni. Kanga nimezirudisha ndani. Blauzi naanzia na majirani.

Limebaki gauni langu la harusi. Mtindo umepita, wa kukodisha wamelikataa, na roho inauma kulikata.

CherehaniMoja
Una binti au mpwa anayekaribia komunyo ya kwanza? Nimeshabadilisha mengi ya namna hiyo. Sehemu ya juu usihangaike nayo, kwapani pana njano isiyotoka hata kwa jiki, na jiki inaweza kuiharibu satini. Kitambaa kiko kwenye sketi, na bitana yake inatosha kabisa gauni la ndani la mtoto. Njoo naye nimpime, usiniletee vipimo kwa simu. Na uje mapema, karibu na Pasaka huwa sipokei.