RAM ya GB 64 itaokoa mfumo wa duka? Nipo Moshi

Mtoto wa Mbuyuni: Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia mfumo wa duka la dawa la jumla, hifadhidata ni MySQL juu ya Windows. Jumatatu watu wakijaa, keshia anabonyeza "tafuta", anamenya ndizi, anaimaliza, ndipo dawa inatokea. Swali moja tu: niweke RAM GB 64 au 128? Matusi sitaki.

Fundi Njoro: Sasa hivi una ngapi? Diski gani? Na innodb_buffer_pool_size, yaani RAM ambayo MySQL inaruhusiwa kuwekea data, umeweka ngapi?

Mama Ndafu: Mwanangu, mie naandika daftari. Halijawahi kuganda.

Mangi Mstaafu: Langu lililowa mvua pale Kiborloni, madeni yote yakawa sadaka. Kuna mmoja bado tunasalimiana kanisani, ananichekea.

Mtoto wa Mbuyuni: RAM 16. Hiyo nyingine sijawahi kuigusa.

Fundi Njoro: Basi huenda bado iko MB 128, ndivyo inavyokuja. MySQL inashikilia hizo tu kichwani, zilizobaki inazifuata kwenye diski kila ikiulizwa. Ukiiacha hivyo, GB 64 zitakaa bure. Ipe GB 8 kwanza. Diski hujajibu.

Mtoto wa Mbuyuni: Ya kawaida.

Fundi Njoro: Kawaida ipi?

Mtoto wa Mbuyuni: Ya nje, ya USB. Jioni naichomoa naenda nayo nyumbani, wezi wengi. Ila ina TB 2, haiwezi kuwa ndiyo tatizo.

Fundi Njoro: TB ni ukubwa wa ghala, mkuu, siyo mbio za kuli! Diski ya kuzunguka inarukia sehemu kama mia kwa sekunde, SSD, ile isiyozunguka, makumi elfu. Hifadhidata iwe kwenye SSD ya ndani, nyumbani beba nakala. Siku ukichomoa MySQL inaandika, utalia. Jina la dawa lina indeksi, ile orodha ya kutafutia haraka? Ingawa programu ikitafuta kipande cha katikati ya jina, indeksi haisaidii.

Kibo Mkavu: Hii chai. Hifadhidata inalala kwenye begi? Huyu anauza RAM.

Mtoto wa Mbuyuni: Ningekuwa nauza ningelipa kianzio?

Mangi Mstaafu: Kumbe umeshalipa!

Mtoto wa Mbuyuni: Laki tatu. Bosi alishakubali, na muuzaji ni shemeji yangu, namrudiaje?

Kibo Mkavu: Nimeamini. Chai haiwekwi shemeji.

Mama Ndafu: Shemeji upande gani?

Mtoto wa Mbuyuni: Nimefungua faili. 128M kweli. Shemeji hapokei simu.