Nyie mnaosema Krismasi ni bethidei ya Nimrodi, njooni hapa mnijibu

Wakuu, habari zenu. Leo sina upole, mnivumilie.

Juzi mdogo wangu katupia tena kwenye grupu la familia ile picha ya mwanamke mwenye mabawa na miguu ya ndege, bundi wawili pembeni, nguo hana, na chini maandishi mekundu: PASAKA NI SIKUKUU YA ISHTARI, TOKENI KWAKE ENYI WATU WANGU. Mama mdogo akauliza huyo dada amekosa hata kanga Kwaresma yote hii? Tukacheka. Yeye akaandika kwamba tunacheka huku tukielekea motoni. Basi povu langu la tangu Desemba likafurika, na nalimwaga hapa kwa sababu hayuko peke yake. Mko wengi, na humu ndani mmejaa.

Desemba tulipanda Moshi kama kila mwaka. Mama ana miaka 71, Mlutheri wa kuzaliwa. Mti wake wa Krismasi ni tawi la msonobari analokatiwa na jirani. Analisimika kwenye ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga, halafu anatandaza pamba juu ya majani, eti theluji, wakati theluji yenyewe iko juu ya mlima anaiona akifungua mlango. Tarehe 24 jioni bwana mdogo akaingia na karatasi alizochapisha steshenari, akabeba tawi na ndoo yake, akavitupa migombani. Akasimama katikati ya sebule, akasoma: Krismasi ni bethidei ya Nimrodi, mkewe alikuwa Semiramisi, mti ni mwana wao Tamuzi aliyefufuka.

Mama alikuwa anachambua mchele. Akanyamaza kitambo, akauliza, "Kwa hiyo baba yenu tulimzika na nyimbo za Nimrodi?"

Baba tulimzika tarehe 27 Desemba, kwaya ikiimba nyimbo za Noeli. Bwana mdogo hakujibu, alifungua ukurasa mwingine. Mama hakula pilau siku iliyofuata, alisema tumbo.

Sasa twende kwenye hizo karatasi, maana nimezisoma zote na nimetafuta kila kilichoandikwa humo.

Hili la Ishtari, mungu wa kike wa Babeli, linanikera kuliko yote. Wewe umezaliwa Moshi, unahubiri kwa Kiswahili, sikukuu yako inaitwa Pasaka. Pasaka ni Pesaki ya Wayahudi, imepitia Kigiriki. Mhabeshi anasema Fasika, Mwitaliano Pasqua, Mfaransa Pâques. Ni lile lile neno la kutoka Misri na damu ya mwanakondoo mlangoni. Anayefanana na Ishtari, tena kwa mlio tu, ni Mwingereza na "Easter" yake. Na hata huyo Mwingereza hakulitoa Babeli: mtawa Bede aliandika mwaka 725 kwamba mababu zake walikuwa na mwezi uliopewa jina la mungu wa kike Eostre, na sikukuu ikarithi jina la mwezi. Basi, ni hayo tu tuliyo nayo kuhusu huyo Eostre, mistari michache ya mtawa mmoja. Sikukuu yenyewe ilikuwepo muda mrefu kabla. Katikati ya karne ya 2 askofu Polikarpo wa Smirna alisafiri hadi Roma kuzungumza na askofu Aniseto juu ya tarehe ya kuiadhimisha, na hawakukubaliana. Wamisionari wa Papa hawakufika kwa hao Waingereza wenye Eostre wao hadi mwaka 597. Halafu wewe unachukua mfanano wa maneno ya Kiingereza unamtishia nao mama asiyejua Kiingereza! Kwa mtindo huo na mimi nitasema "baba" na "Babeli" ni ukoo mmoja.

Na kuna wale wa "Jumapili ni siku ya mungu jua". Kwa Kiingereza jina limetoka kwenye jua, kweli. Sisi Jumapili yetu ni ya pili, baada ya Jumamosi ya kwanza, kwa sababu watu wa pwani waliohesabu walikuwa Waislamu na juma lao linaanza baada ya Ijumaa. Jua liko wapi hapo?

Nimrodi. Fungua Mwanzo 10. Mwindaji hodari, mwenye miji, kwisha. Hana mke, hana tarehe ya kuzaliwa. Semiramisi hayumo kwenye Biblia kabisa, ni hadithi za Wagiriki zilizojengwa juu ya malkia wa Ashuru, Shamuramati, wa karne ya 9 kabla ya Kristo. Tamuzi, mungu wa Babeli, yumo, Ezekieli 8:14, wanawake wanamlilia. Lakini walikuwa wanamlilia kiangazi, na Wayahudi mpaka leo wana mwezi unaoitwa Tamuzi, unaangukia Juni na Julai. Ninyi mmempeleka Desemba kwenye baridi mkampachika kwenye msonobari.

Aliyewaunganisha hawa watatu kuwa familia moja ni mchungaji wa Uskoti, Alexander Hislop. Alitoa kijitabu mwaka 1853, akakipanua kuwa kitabu 1858, na shabaha yake haikuwa wewe wala mama yangu, ilikuwa Papa. Alitaka kuonyesha kwamba Ukatoliki ni dini ya Babeli iliyovaa kanzu. Mhubiri mmoja wa Marekani, Ralph Woodrow, alimwamini, akaandika kitabu chake kwa kumfuata mwaka 1966, kikauzika sana. Baadaye akaanza kufuatilia ushahidi wa Hislop mmoja mmoja, akakuta haushikiki. Unajua alifanya nini? Alikiondoa kitabu chake sokoni mwenyewe, na mwaka 1997 akaandika kingine cha kujisahihisha. Mtu mzima, kitabu kinamlisha, akakiri hadharani kwamba amekosea. Hiyo karatasi ya steshenari ni makombo ya alichokikana Woodrow.

Mtasema natetea kila kitu. Sitetei. Tarehe 25 Desemba haimo kwenye Injili, anayebisha alete aya. Kalenda moja ya Roma ya mwaka 354 inaandika Kristo kuzaliwa Bethlehemu tarehe hiyo, na humo humo kwenye mkusanyo huo, tarehe hiyo hiyo, kuna siku ya kuzaliwa ya Jua Lisiloshindwa, na mashindano 30 ya farasi. Kaisari Aureliani alikuwa amelijengea Jua hekalu mwaka 274. Kwa hiyo si wazimu kusema Wakristo waliifunika sikukuu ya wapagani. Ila wako wasomi wanaosema tarehe ilipigiwa hesabu: Tertuliano, mwandishi Mkristo wa karibu mwaka 200, tayari anataja kusulubiwa tarehe 25 Machi, na waliamini mimba ya Yesu ilitungwa siku hiyo hiyo, ongeza miezi tisa. Na hiyo kalenda ya 354 ndiyo andiko la kwanza tulilo nalo la sikukuu ya Jua kwa tarehe ile, kwa hiyo nani alimwiga nani bado wanagombana. Mimi ninavyoona kuna vyote viwili. Karne ya 5 Papa Leo wa 1 aliwakaripia waumini waliokuwa wakipanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro halafu wanageuka nyuma kuliinamia jua kabla ya kuingia. Kama hapakuwa na jua kwenye vichwa vyao asingepoteza mahubiri ya Noeli kwa hilo.

Na msijione manabii wapya. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku Krismasi na Pasaka mwaka 1647. Massachusetts, huko Marekani, kuanzia 1659 ukikamatwa unasherehekea Krismasi ni faini shilingi tano, mpaka 1681. Watu walisherehekea tu.

Ila kinachonichoma hasa ni hiki, na hakimo kwenye karatasi zenu. Mwaka 601 Papa Gregori aliandika barua kwa abate Mellitus aliyekuwa njiani kwenda Uingereza. Kasema mahekalu ya Waingereza yasibomolewe, ziondolewe sanamu tu, yanyunyizwe maji ya baraka yawe makanisa. Na kwa kuwa wamezoea kuchinjia mizimu ng'ombe, wasinyang'anywe karamu: wajenge vibanda vya matawi ya miti kuzunguka kanisa, wachinje, wale, wamshukuru Mungu. Iko kwenye historia ya Bede. Yaani Mzungu alipewa posho ya kuingia na matawi yake na ng'ombe wake! Mti wa Krismasi wenyewe, kumbukumbu ya mwaka 1605 inaueleza Strasbourg, wakati huo mji wa Wajerumani, umesimikwa sebuleni na maua ya karatasi na matofaa. Hakuna Nimrodi hapo, ni Wajerumani na sebule zao. Na wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig waliokuja Kilimanjaro mwaka 1893 walikuwa Wajerumani.

Sasa masale, ule mmea wetu Wachaga. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la sale, na akilikataa majirani wanamshangaa yeye, si wewe. Mwaka juzi wewe bwana mdogo ulitaka kuyang'oa yaliyoko kwenye kaburi la babu, ukasema ni ya mashetani. Hapo hukuwa peke yako, hata mzee wa kanisa aliyekuwepo aliinamisha kichwa. Tawi la Strasbourg madhabahuni sawa, jani la kihambani kwetu pepo. Hilo ndilo ningekaa na wewe tulijadili mpaka asubuhi! Ungekuwa na hoja. Nilimpelekea mchungaji wetu swali hilo hilo Januari, akaniambia nisihoji sana, nisali. Naye simsamehi, lakini yeye angalau hakumharibia mama Krismasi.

Wewe umeacha barua ya Papa, umeacha masale, umekwenda kuokota familia ya kubuni ya Mskoti ili umwambie mjane kwamba amemzika mumewe kwa Nimrodi.

Najua unasoma humu, na jina unalotumia nalijua, sitalitaja. Pasaka napanda Moshi. Mama ameniuliza kama utakuja, nimemwambia sijui. Ukija, usije na karatasi. Pitia migombani kwanza ukate sale, utajua wa kumpa. Na ile ndoo ilipasuka kitako, siku hizi mama anachotea maji kwenye dumu lililokatwa. Ununue nyingine, ya lita 20, yenye mfuniko.