Mrejesho: mwalimu wa ziada wa uhandisi kemikali

Niliuliza nitamjuaje mwalimu wa ziada anayeimudu kweli mizania ya masi (hesabu ya kinachoingia na kinachotoka mtamboni) na kunereka (kutenganisha vimiminika kwa kuvichemsha). Asanteni sana; ushauri wa kumpa swali fupi kabla ya kukubaliana malipo ndio uliosaidia.

Swali lenyewe: mchanganyiko wa benzini na tolueni, kmol (kilomoli, kipimo cha kiasi cha kemikali) 100 kwa saa, benzini asilimia 40, unaingia kwenye mnara wa kunereka. Juu itoke benzini asilimia 95, chini asilimia 5. Majibu ni kmol 38.9 juu na 61.1 chini, ila jibu sahihi pekee halitoshi. Angalieni kama anachora mchoro kwanza, anaandika vizio kila hatua, na anahesabu visivyojulikana kabla ya kukokotoa. Milinganyo mitatu inaandikika hapa (jumla, benzini, tolueni), lakini miwili tu ndiyo huru (wa tatu unatokana na hiyo miwili). Asiyeliona hilo atakwama mtambo ukiwa na mkondo unaorudishwa.

Niliyempata amesomea uhandisi kemikali wenyewe. Shahada ya kemia pekee haitoshi kwa uhamishaji joto na mtiririko wa vimiminika. Mtumieni silabasi na maswali mliyokwama mapema, ajiandae.

Anayejitolea kukuandikia kazi ya kukabidhi chuoni, achana naye.